Kitanda kiko shorumu, harusi imeshapita

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: mzigo haujafika. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipunguza kidogo, na jibu lake limenichukua nafasi kubwa, kwa hiyo wenye barua nyingine mnivumilie nikiwajibu kwa mkato.

Wateja wamenyamaza, oda zimeshuka

*Assalaam alaykum Mama Mapazia. Nina shorumu ya fanicha Nyali. Mimi ni wakala wa kampuni ya Uturuki yenye jina kubwa, na wateja wangu ni watu wenye uwezo ambao hawabishani bei, wanataka jina. Nauza zaidi seti za vyumba vya maharusi. Mteja analipa arbuni ya nusu, kiwanda kinasema wiki nane, nami namwambia mteja vivyo hivyo, mzigo ukifika anamalizia. Tangu meli zianze kuzunguka kusini mwa Afrika, mizigo inachelewa, mara miezi miwili, mara zaidi. Mwanzoni wateja walinipigia simu sana. Sasa wametulia, nikadhani wamezoea, kumbe oda nazo zinashuka. Bei sijapandisha na mali ni ileile. Juzi nimemwona mama mmoja, mteja wangu wa miaka, akishusha sofa za duka jingine kwa harusi ya bintiye wa pili. Seti ya binti wa kwanza ilichelewa, kweli, ikafika harusi imeshapita, lakini niliipeleka mwenyewe na nikamwomba radhi, akanijibu hapana neno. Kuchelewa si kosa langu, habari za Bahari ya Shamu kila mtu anazijua. Na mbona watu wanangoja Ferrari na mikoba ya Hermès mwaka na zaidi na hawahami? Nifanye nini? – Wakala, Nyali*

Waalaykum salaam mwanangu. Nianze na huyo mama aliyekuwa akishusha sofa, maana barua yako yote imo ndani yake.

Akakujibu hapana neno. Ulitaka akujibu nini? Umesimama mlangoni kwake, mafundi wako wamebeba kabati, majirani wanatazama. Mtu mwenye adabu zake hamfokei aliyekuja kwake akiomba radhi. Wewe ukarudi Nyali moyo umetulia, yeye akafunga mlango, na hesabu yako akaifunga palepale.

Kazi yangu mimi ni mapazia, na pazia ni kitu cha mwisho kuingia nyumba ya harusi. Rangi imekauka, zulia limetandikwa, eisi imefungwa, ndipo ninapoitwa. Vyumba vya maharusi nimeingia vingi kuliko mashangazi zao, na chumba kinachongoja kitanda nakijua nikikiona. Pazia la velveti limeteremka mpaka chini, taa za dari zinawaka, na katikati magodoro mawili yamepandanishwa juu ya zulia, yametandikwa shuka mpya ya satini ili yafanane na kitu. Wanawake wa upande wa bwana harusi wanaingia wawili wawili kutazama. Kitanda kiko wapi? Kiko njiani, kinatoka Uturuki. Wageni wa kwanza mama mtu anawajibu kwa maringo. Wakifika wageni wa jioni anajibu huku anapanga mito ambayo imeshapangwa.

Sasa tuseme ukweli. Mama huyo hakukulipa mara mbili au tatu ya bei ya fundi wa kando ya barabara kwa sababu mgongo wa bintiye haulali ila juu ya mbao za Uturuki. Alilipia jioni ile. Alitaka mlango ufunguliwe, wageni waingie, wanyamaze kidogo. Seti ilipokuja ilikuwa ileile uliyomwonyesha, rangi ileile, vishikizo vilevile vya dhahabu, lakini jioni yake haikuwemo ndani ya kreti. Kwa hiyo ukiniambia mali haijabadilika nakubali, na bado ulimuuzia pungufu ya alicholipia.

Wauzaji wa vitu vya bei mna jambo moja hamlioni mpaka liwafike. Anayenunua sofa kwa fundi anajua tangu mwanzo kwamba ataambiwa njoo kesho, na hiyo kesho ameshaihesabu wakati wa kupatana. Sofa ikichelewa wiki mbili anamgombeza fundi, wanacheka, na mwakani anarudi kwa fundi huyohuyo. Anayekuja kwako ameongeza pesa ili asiambiwe kesho tena. Akiisikia kwako nawe, kwa kiyoyozi chako na kahawa yako ya kumkaribisha, anajiuliza ile nyongeza ilikwenda wapi.

Na hapo ndipo anapoanza kukagua. Nimeona hili kwa macho yangu nikiwa juu ya ngazi natia ndoano: seti imechelewa, imefika, fundi anaunganisha, na mwenye nyumba amechuchumaa na tochi ya simu. Anapitisha kidole kwenye kila kiungo. Anafungua droo na kuifunga, anaifungua tena. Anapiga picha mkwaruzo usiofika urefu wa ukucha. Mkwaruzo ule ungekuja kwa wakati, angeuegemezea mto na maisha yakaendelea. Sasa ni ushahidi. Ameshaona kwamba jina lako linaweza kusema jambo lisiwe, na mtu akishaona hivyo kwenye tarehe hataliamini kwenye sponji wala kwenye garantii.

Hao walioacha kukupigia usifurahi nao. Anayekupigia kila asubuhi akakusema vibaya bado anakitaka kitu chako, bado ana matumaini na wewe. Mimi mwenyewe ni mteja wa aina ya hao wanaonyamaza. Kulikuwa na muuzaji mmoja wa udi na mafuta hapa mjini, mali ya nyumba kubwa ya Ghuba, na sikununua kwa mwingine. Naagiza kabla ya Ramadhani, Idi inanikuta mzigo uko kabatini. Mwaka mmoja ukaja Idi imeshakwisha, na katikati hapo hakuna aliyenipa habari. Nikipiga naambiwa inshallah. Nikaupokea, nikalipa, nikamwombea baraka. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri, ananiulizia watoto. Sijanunua kwake tena, na nadhani mpaka leo anaamini nimepunguza kufukiza nyumba.

Na kwetu Mombasa huhesabu mteja mmoja. Huyo mama ana dada, ana mashemeji, ana mawifi wenye mabinti. Kisa cha magodoro mawili kimeshasimuliwa kwenye sherehe za kupamba bibi harusi, kwa watu usiowajua, na aliyekisikia hatakuja kukwambia amekisikia. Atapita tu mbele ya shorumu yako na kuendelea na safari.

Sasa hizo wiki nane. Sentensi yako nimeisoma mara mbili: kiwanda kinasema wiki nane, nami namwambia mteja vivyo hivyo. Mwanangu, kiwanda kinakuhesabia mpaka seti imalizwe na kufungwa huko kwao! Lori la kwenda bandarini halimo. Kungoja kontena lijae hakumo. Meli haimo, na mizigo mingi ya kuja kwetu hushushwa na kupakiwa upya katika bandari kama Salalah ya Oman au Jebel Ali ya Dubai, nako kuna foleni yake. Kisha bandari yetu ya Kilindini, forodha, ushuru, na kile cheti cha ubora ambacho KEBS, shirika la viwango la Kenya, inataka kitolewe mzigo ungali huko ulikotoka. Na kama unatumia kontena la kuchanganya, ndiyo kabisa: karatasi za mtu mmoja zikiwa na kasoro, kitanda cha bibi harusi kinakaa yadi kikimngojea mwenye vipuri vya pikipiki asiyejua hata kama kuna harusi. Haya wewe unayajua kuliko mimi. Mteja hayajui, amesikia wiki nane, akaenda kuchapisha kadi.

Wahouthi wa Yemen walianza kuzishambulia meli Novemba 2023, na mwezi uliofuata kampuni kubwa za meli zikaanza kuikwepa Bahari ya Shamu. Meli ya Uturuki iliyokuwa ikiteremka Mfereji wa Suez kuja kwetu ikawa inatoka kwa Gibraltar, inashuka magharibi yote ya Afrika, inapinda Rasi ya Tumaini Jema, ndipo ipande kuja Kilindini. Hilo hukulifanya wewe. Lakini lilipokuwa jipya lilikuwa ajali, na sasa ni ratiba. Umesema mwenyewe kila mtu analijua. Na kitabu chako cha risiti bado kinaandika wiki nane.

Umeuliza kuhusu Ferrari na Hermès, swali zuri, na wengi wanaouza vitu vya gharama hujifariji nalo. Anayengoja Ferrari ameambiwa siku ya kwanza kwamba foleni ni ndefu, na urefu wake ni sehemu ya raha: anakaa barazani na kusema, nangoja gari langu. Anayeutaka mkoba wa Birkin wa hao Hermès hajapewa tarehe, na hakuna karamu iliyosimama kwa ajili ya mkoba. Wote wawili wanapata walichoambiwa. Wewe uliambia watu kingine.

Tena sisi tusiende kufundishwa na Wazungu kungoja. Majahazi ya Ghuba na Uhindi yalikuwa yakiingia Bandari ya Kale na kaskazi, yanateremsha tende na mazulia ya Kiajemi na masanduku ya njumu, yanapakia boriti, yanaondoka na upepo wa kusi. Mtu akitaka zulia Julai aliambiwa ngoja kaskazi. Alingoja miezi, na hakuna aliyemwita mfanyabiashara mwongo, kwa sababu upepo ulikuwa unajulikana na wote wawili. Lau yule mfanyabiashara angemwahidi Agosti ili apate arbuni, zulia la pili angemuuzia nani?

Na hata wakubwa wa leo hulijua hili. Novemba 2022, kiwanda cha Zhengzhou kule China kilipopunguza kazi kwa sababu ya vizuizi vya korona, Apple yenyewe ilitoa tangazo kwamba wanaotaka iPhone 14 Pro watangoja zaidi. Haikungoja watu wapige simu. Peloton ya Marekani, wale wa baiskeli za mazoezi zilizokuwa zikiuzwa karibu dola 1,900, wakati wa korona waliuza kuliko walivyoweza kufikisha, wateja wakachachamaa, na Februari 2021 wakatangaza kutenga zaidi ya dola milioni 100 kuharakisha mizigo kwa ndege na meli. Wewe dola milioni 100 huna. Simu unayo.

Basi kaa na daftari lako la mizigo. Tazama kila oda tangu siku ya arbuni mpaka siku ulipofikisha, na tarehe utakayoanza kumpa mteja iwe ya ule mzigo uliochelewa kuliko yote. Ukitoa ya wastani, nusu ya wateja wako utawaangusha tena. Utapoteza baadhi ya oda, najua. Utazipoteza mapema na kwa heshima, na aliyekwenda kwingine kwa sababu ulimwambia kweli anaweza kurudi kwa jambo jingine.

Kabla hujapokea senti, muulize anaihitaji lini na kwa shughuli gani. Harusi zetu hujazana kabla ya Ramadhani na baada ya Idi, kwa hiyo msimu wako unaujua. Tarehe yake ikiwa haiingii, mwambie haiwezekani, mwonyeshe kilichopo ghalani. Muuzaji wa jina kubwa akikataa pesa, watu wanalizungumza hilo pia.

Meli ikibadilisha ratiba, mpigie wewe kabla yeye hajapiga, umwambie mzigo uko wapi na umesikia nini, hata kama ulichosikia ni kidogo. Usimtumie ujumbe wa kunakili ule wa *mteja wetu mpendwa*. Na katika simu hiyohiyo mwambie arbuni yake iko, akitaka kuondoka aondoke. Wengi hawataondoka, nami nimejaribu hili na mapazia ya oda. Mtu akiona mlango uko wazi anatulia kitini.

Halafu kuna hili lililoniudhi hasa. Shorumu yako ina seti ya maonyesho, si ndiyo? Kile kitanda kilichowekwa dirishani chini ya taa, chenye mito minane. Kitanda kiko Nyali, kinang'aa, na binti wa watu amelala chini Tudor, na mama yake akienda supamaketi anapita anakiona. Kwa nini hukumpelekea? Lori moja na mafundi wawili, asubuhi ya siku yenyewe kimefungwa, mzigo wake ukifika unabadilisha na unarudisha chako. Kitapata mikwaruzo, ndiyo, mwakani ukiuze kwa bei ya kushuka. Mama angekuwa anawaambia wageni, wakala amenipa kitanda chake cha dukani, na kwenye kupamba kungekuwa na kisa kingine cha kusimulia.

Huyo mama, mpigie. Usimuuzie kitu na usimpe kuponi. Mwambie unajua siku ya bintiye iliharibika kwa ajili yako na kwamba siku ile mlangoni hukulisema hilo sawasawa. Huenda asirudi, ana haki.

Nimpunguzie bei?

*Mama Mapazia, naagizia watu saa na miwani ya majina makubwa. Mzigo ukichelewa mteja ananuna. Mwenzangu ananishauri nimpe punguzo la asilimia kumi kila mara. Ni sawa? – Mfanyabiashara, Moi Avenue*

Sipendi. Anayenunua saa ya gharama ukimkatia asilimia kumi kwa kununa, kesho atanuna mapema. Tena atajua bei yako ina hewa ndani. Mpe kitu cha kazi: mpelekee nyumbani bila malipo, mrekebishie mkanda, badilisha betri mwaka mzima. Na kama kuchelewa ni kwa kila mara, kama ulivyoandika, basi asilimia kumi ni kodi unayojitoza kwa kutoa tarehe za uongo. Rudi juu usome jibu la ndugu yako wa Nyali.

Pesa yangu nitaipata?

*Mama, nimelipa arbuni ya friji ya milango miwili, jina la Ujerumani, bei yake naona haya kuiandika. Risiti inasema itafika kwa siku ishirini na moja kutoka Dubai. Sasa nangoja mwezi wa nne, nao unaisha. Kila nikipiga naambiwa ni Wahouthi. Mwenye duka ni rafiki wa mume wangu, shemeji yetu kabisa, naogopa kuonekana mshari. Naweza kudai pesa yangu? Nilitaka jina lile kwa sababu mama yangu alikuwa nalo na lilidumu, sasa hata nikiliona kwenye tangazo moyo unachafuka. – Mteja, Tudor*

Mdogo wangu, kwanza jiografia. Kutoka Jebel Ali meli inatoka Ghuba kwa mlango wa Hormuz, inaingia bahari kuu na kuteremka kuja Kilindini. Bahari ya Shamu iko upande mwingine wa Arabuni, haipitii huko kabisa. Pengine kuna sababu nyingine ya kweli, makontena yalivurugika kila mahali, lakini hiyo aliyokupa haisimami. Mwombe namba ya kontena. Ni herufi nne na tarakimu saba, na ukiiingiza kwenye tovuti ya kampuni ya meli utaona lilipo. Muuzaji ambaye mzigo wake uko baharini kweli hukutumia namba hiyo kwa dakika. Asiyekuwa nayo, mara nyingi pesa yako imenunua oda ya mtu mwingine na friji yako haijaagizwa.

Haki yako ipo. Katiba, kifungu cha 46, inamlinda mnunuzi, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema ukiwa umeagiza kitu cha kuletwa baadaye, zikapita siku 30 baada ya tarehe mliyokubaliana bila kuletewa, unaweza kuuvunja mkataba. Wewe umepita zamani. Ila angalia mambo mawili yanayowaponza watu. Ukikubali kwa maandishi tarehe mpya, hesabu inaanzia hapo, kwa hiyo zile *sawa shem, hakuna shida* za kwenye WhatsApp zikome leo. Na friji ikija ukaipokea, haki ya kuvunja kwa sababu ya kuchelewa imekwisha. Wauzaji wajanja hulijua hilo. Ukishamwandikia, usishangae lori likafika kesho yake.

Andika barua fupi: tarehe ya risiti, kiasi ulicholipa, siku uliyoahidiwa, kwamba umevunja na unataka arbuni yako. Weka nakala na risiti ya M-Pesa au ya benki. Asipolipa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Kuhusu ushemeji. Barua ampelekee mumeo, akae naye, wanywe kahawa, amkabidhi. Rafiki wa kweli ataona aibu na kulipa. Akikasirika kwa kudaiwa pesa isiyo yake, mumeo atakuwa amejifunza jambo kuhusu marafiki zake kwa bei ya nusu friji.

Na hayo ya moyo kuchafuka ukiliona jina lile, natamani Wajerumani wangeyasoma. Hawakukukosea kitu. Friji zao pengine zimejaa ghalani Dubai. Lakini wewe hukukutana na Wajerumani, ulikutana na shemeji, na kwako yeye ndiye jina lenyewe. Kampuni hutumia miaka kujenga sifa kwa mama yako, kisha humwachia wakala wa mwisho, yule mwenye kitabu cha risiti, aivunje kwa mwezi wa nne wa inshallah.

Makubadhi kwa siku tatu

*Natengeneza makubadhi ya ngozi kwa mkono, Mji wa Kale. Nina muhuri wangu na watu wa Nairobi wameanza kuujua, wanalipa vizuri. Shida yangu ni haraka. Wenzangu wanaouza ya kiwandani wanasema siku tatu, kwa hiyo nami nasema siku tatu, lakini jozi nzuri inanichukua karibu wiki mbili na foleni iliyopo. Naogopa nikisema kweli watakimbia. Na Idi inakuja. – Fundi wa makubadhi*

Fundi, sema wiki tatu. Wiki mbili za kazi na moja ya mvua, malaria, ngozi mbovu na basi kuharibika Mtito Andei. Anayetaka siku tatu aende kiwandani, hakuwa wako. Wale wanaolipa bei yako wanalipa kwa sababu kuna mkono, na mkono una mwendo wake; waonyeshe. Siku ya kukata ngozi mtumie mteja picha, siku ya kushona nyingine, muhuri ukigongwa nyingine. Picha tatu tu, atawaonyesha wenzake ofisini kabla makubadhi hayajafika, na hao watakuandikia.

Mzigo ukiupeleka kwenye ofisi ya basi Mwembe Tayari, tuma risiti ya kifurushi palepale ukiwa bado umesimama kaunta, pamoja na saa ya basi kuondoka. Usingoje usiku. Mtu wa Nairobi akishaona risiti anajua kazi yako imekwisha, kikichelewa njiani atawagombeza wa basi.

Kuhusu Idi, usiwe kama mafundi wa nguo. Sote tunawajua: wanapokea vitambaa mpaka mwezi ishirini na tisa, na usiku wa kuamkia Idi duka limejaa akina mama waliosimama na watoto wenye usingizi, suruali haina zipu. Fundi wa nguo hurudiwa kwa sababu yuko mtaani na ni wa bei ya mtaani. Wewe una muhuri. Hesabu jozi unazoweza kumaliza kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, toa nne au tano uweke akiba, halafu ubandike tangazo: oda za Idi zimefungwa. Wakija wa dakika za mwisho, waandike kwa Idi ya Mfunguo Tatu, chukua arbuni ndogo tu. Zile jozi za akiba, saizi za katikati, zining'inize dukani. Kuna mtu atakuja usiku wa mwisho ambaye fundi wake amemwangusha, na huyo hatauliza bei.